Zamu ya Jumapili

Ijumaa, swala ya adhuhuri ilipokaribia, Bi Sindano alimalizia kiraka cha foronya, akakata uzi kwa meno ingawa mkasi ulikuwa palepale mbele yake, akainuka. Hakuhitaji kuaga. Bi Pasi alikuwa ameshazima rola yake ya kupigia pasi na kukalia kiti cha cherehani kabla hakijapoa. Ndivyo ilivyokuwa kila Ijumaa katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali. Wagonjwa waliolala ghorofani juu ya mashuka yale hawakujua kwamba mishono ya Ijumaa mchana ilikuwa imepinda kidogo.

Bi Pasi, mpiga pasi, alikuwa Myahudi. Bi Sindano, mshonaji, alikuwa Mwislamu. Mama Povu, aliyezitukana na kuzibembeleza mashine za kufulia kwa pumzi moja, alikuwa Mkristo. Majina hayo ya utani walipeana wenyewe, na ungewauliza manesi majina yao ya kwenye vitambulisho wangebaki kukutazama. Kwa kuwa hospitali haina siku isiyochafua mashuka, walikubaliana kushikiana zamu. Ijumaa mchana Bi Pasi alishona, Jumamosi Mama Povu alipiga pasi, Jumapili Bi Sindano aliendesha mashine. Aliyelalamika ni Bi Sindano peke yake.

"Nyinyi mnapumzika kutwa nzima," alisema. "Mimi nakwenda, nasujudu, narudi, kiti bado cha moto."

Walibishana sana, maana kazi ya mikono huuacha mdomo bila kazi. Walibishana kuhusu Masihi. Bi Pasi alisema wao bado wanamngoja. Mama Povu alisema wao wanamngoja arudi. Bi Sindano alisema hata wao wanamngoja arudi, mwana wa Maryamu.

"Basi wote tuko foleni moja," alisema Mama Povu. "Na wewe Bi Pasi usisukume."

Walibishana pia ni mtoto yupi ambaye Ibrahimu alimpeleka mlimani kumchinja. Bi Pasi alisema ni Isaka, Bi Sindano akasema ni Ismaili. Kitabu cha Mama Povu kilikuwa upande wa Bi Pasi, lakini hakupenda kumwona Bi Sindano akishindwa kila siku, kwa hiyo mara mojamoja alihamisha kura yake. Ubishi huo uliwachukua miaka na haukuwaharibia chai hata mara moja.

Jumamosi moja Mama Povu alikuwa akiilisha rola shuka alipopatwa na maumivu makali ya jino la nyuma, upande ambao yeye hakuwa na jino. Alijua papo hapo kwamba si lake. Alimaliza mashuka yote huku ameshika shavu, na Jumatatu akamkabili Bi Pasi mlangoni.

"Kwa nini hukusema una jino bovu?"

"Nilidhani litapoa."

"Halijapoa. Nenda kaling'oe."

Bi Pasi alikiri kwamba Sabato ile alilala kama mtoto mchanga, na kwamba ilikuwa ndiyo Sabato ya kwanza aliyopumzika kwelikweli. Jino aliling'oa katikati ya wiki, kwa adabu, ili maumivu ayabebe mwenyewe. Baada ya hapo mambo yalijipanga. Ijumaa mchana bega la Bi Sindano lilimhamia Bi Pasi, na Jumapili goti la Mama Povu lilimhamia Bi Sindano, aliyepanda ngazi akilitukana goti hilo kwa jina la mwenyewe. Aliyeshika zamu yako alishika na kilichokuuma, mpaka siku yako iishe. Msimamizi wao alipoambiwa alisema mradi mashuka yanatoka meupe, hayo mengine wamalizane wenyewe.

Mitaa mitatu hupanda kilima kuelekea hospitali ile, na kila mmoja una watu wa dini yake. Kulikuwa na fujo mwaka mmoja, na kila mtaa una hadithi yake ya nani aliyeanza. Baada ya fujo, mwisho wa juu wa kila mtaa liliwekwa lango la chuma. Malango yalifungwa magharibi na kufunguliwa alfajiri. Ili pasiwe na upendeleo, Kamati ya Maelewano, ambayo wajumbe wake walitoka katika dini zote tatu, iliweka sharti kwamba kufungua lango lolote usiku kunahitaji ridhaa ya wazee watatu, mmoja kutoka kila mtaa. Lilikuwa sharti la haki kabisa na watu walilipigia makofi. Wale kina mama wa kufua nao walipiga makofi, tena kwa moyo.

Mama Povu alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, fundi umeme, kijana wa kupiga mluzi akiwa juu ya ngazi, mwenye kifua kilichombana tangu utoto. Jioni moja kilimbana kuliko siku zote. Jirani alitoa gari, Mama Povu akampakata mwanawe kiti cha nyuma, wakafika langoni giza likiwa limeshaingia. Mlinzi hakuwa mtu mbaya. Alishika simu mara moja.

Mzee wa kanisa alisema asingependa ionekane anaupendelea mtaa wake, kwa hiyo wenzake watangulie. Kaka yake Bi Pasi, fundi saa, alisema hana pingamizi hata kidogo, ila kwa heshima ya majirani asingeweza kuwatangulia. Mumewe Bi Sindano, mpima ardhi mstaafu, alisema yuko tayari, wakishasema wenzake na yeye atasema. Mlinzi aliwapigia tena, kisha tena, na kila mzee alimshukuru kwa uvumilivu wake. Hakuna aliyekuwa amelala, na hakuna aliyemtakia kijana mabaya. Lango lilifunguliwa alfajiri kama kawaida, kwa gari ambalo halikuwa tena na haraka.

Mama Povu alizika. Bi Pasi na Bi Sindano walikaa naye siku za msiba, wakapika, wakafua, na hawakuthubutu kutaja kaka wala mume. Yeye naye hakuwataja. Jioni moja tu, vyombo vikioshwa, alisema kitu bila kumtazama mtu.

"Miaka yote mmebishana ni mtoto gani. Katika vitabu vyote vitatu, mtoto anapona."

Bi Sindano aliendelea kufuta sahani ileile mpaka ikakauka kabisa. Ubishi ule haukurudi tena.

Mama Povu alirejea kazini siku ya kawaida, akafanya kazi hadi Jumamosi. Jumapili alikwenda kanisani, na Bi Sindano akashika mashine. Alikuwa amejiandaa kwa goti. Alipotia shuka la kwanza, goti halikuja. Alikuja yule kijana. Bi Sindano alikuwa amemwona mara chache tu maishani, lakini sasa alijua kwamba alilala mguu mmoja ukiwa nje ya shuka, kwamba hakula ganda la mkate, na kwamba kichwa chake kilikuwa kizito zaidi upande wa kushoto. Alikaa juu ya gunia la nguo chafu akalia kama anayemlilia wa tumboni mwake. Kisha aliinuka akaendelea kupakia, kwa sababu wodi ya wazazi ilikuwa inangoja.

Alirudi nao nyumbani uchungu ule. Mumewe alikuwa mezani.

"Chai iko wapi leo, mama watoto?"

Bi Sindano alikaa bila kuvua mtandio. "Nilisikia sauti yako kwenye simu ya mlinzi," alisema. "Nilikuwa nimempakata. Ulikuwa unasema asante."

"Wewe hukuwepo pale."

"Leo nilikuwepo."

Mzee alitazama mikono yake. "Mimi nilikuwa tayari," alisema. "Nilikuwa nawangoja wenzangu."

"Najua. Na wao walikuwa wanakungoja wewe."

Mzee aliinuka kwenda kupunguza sauti ya redio, ambayo ilikuwa imezimwa.

Upande wa pili wa kilima, Mama Povu alikuwa na Jumapili njema. Aliimba vizuri kanisani. Aliiona kofia ya mama aliyekaa mbele yake akaipenda. Alirudi nyumbani akala, akasafisha chumba, na viatu vya mwanawe chini ya kitanda akaviona ni viatu tu, vya ngozi nzuri, vingemfaa mtu. Alivitia kwenye mfuko akauweka karibu na mlango ili kesho ampe yeyote.

Jumatatu alfajiri uchungu wake ulirudi wote kwa mkupuo, na ukamkuta karibu na mlango, na mfuko uko mkononi. Alifika kazini bado ameukumbatia.

"Mnanichukulia mwanangu," alimwambia Bi Sindano.

"Nakupumzisha, dada yangu."

"Nani kakuambia nimechoka naye? Kilichobaki ni hiki tu. Jumapili nakuja kazini."

"Na kanisa je?"

"Mungu anajua ninapofanyia kazi."

Alikuja kweli. Jumapili ile Bi Sindano alisimama mlangoni na aproni yake, hana la kushika wala la kuumwa, akarudi nyumbani. Jumapili iliyofuata ikawa vilevile. Jumamosi Mama Povu alimpigia pasi Bi Pasi, kwa sababu ahadi ni ahadi, na siku nyingine zote alikuwa na mashine zake. Hakupumzika. Uso wake ukawa wa rangi ya maji ya kufulia yaliyotumika, na mambo mengine yakaanza kumtoka. Aliacha kuzitukana mashine. Siku moja aliweka mkono kwenye shuka lililotoka kwenye rola, la moto, akausahau hapohapo. Bi Pasi ndiye aliyeuondoa, akautia kwenye maji baridi, akaushikilia humo kwa nguvu.

"Sikiliza," alisema Bi Pasi. "Manesi huko juu wakibadilishana zamu hufanyaje? Hawaondoki hivihivi. Wanaambiana. Kitanda cha dirishani kalalaje, kala nini, kasema nini. Wanakabidhiana. Sisi tumekuwa tukikabidhiana mashuka tu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo Jumapili mwache kwa Bi Sindano, na Jumatatu akukabidhi."

Mama Povu alitazama mkono wake ndani ya maji. Alisema atajaribu mara moja tu, na kwamba ufunguo wa kabati alimovifungia viatu vya mwanawe utakaa kwa Bi Sindano, maana siku za Jumapili yeye mwenyewe si mtu wa kuaminika.

Jumatatu walikaa juu ya magunia na vikombe vya chai. Bi Sindano alikabidhi.

"Jana alikuwa mdogo, wa kuanza kutembea," alisema. "Alikuja nawe hapa kazini. Alijificha kwenye kikapu cha magurudumu, ukakisukuma mpaka wodini bila kujua, na mgonjwa mmoja aliyevuta shuka akavuta mguu."

Mama Povu aliangua kicheko kabla hajajizuia. Kisha akalia. "Hilo nilikuwa nimelisahau," alisema. "Lilikuwa limefunikwa na lile gari. Nikimfikiria naona gari tu."

"Gari lipo," alisema Bi Sindano. "Lakini nyuma yake kuna mengi."

Wakaendelea hivyo. Jumapili Mama Povu alipumzika, akaimba, akazipenda kofia za watu, na Jumatatu alipokea mwanawe pamoja na jambo moja au mawili ya ziada. Bi Pasi naye alisogeza gunia lake, akawa anauliza maswali, na kwa njia hiyo wote watatu walimlea upya kijana yule, wakagombana hata juu ya iwapo alipaswa kuachishwa mluzi mezani. Goti la Mama Povu lilikuwa bado linauma, ila hakuna aliyekuwa na nafasi ya kulisikiliza.

Habari zilifika kwa Kamati ya Maelewano kwamba katika chumba cha kufulia cha hospitali kuna kina mama wa dini tatu wanaoshikiana zamu. Kamati ilifurahi sana. Iliandaa picha kwa ajili ya gazeti, ikachagua Jumapili ili itoke Jumatatu. Wazee watatu wa malango walikuja na mpiga picha, wamevaa vizuri, kila mmoja akimsukuma mwenzake apite kwanza mlangoni, hata wakachelewa kuingia.

Mpiga picha alisema kusimama tu hakupendezi, wafanye kazi kidogo. Bi Sindano aliwatazama. Aliondoka mbele ya mashine, akawapa kila mmoja aproni, akawaonyesha rundo. Kazi ilikuwa ya Mama Povu na siku ilikuwa ya Mama Povu, kwa hiyo walipoinua mashuka na kuyatia ndani, kijana aliwaingia wote watatu.

Mzee wa kanisa alikalia ndoo iliyopinduliwa. Fundi saa alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mpima ardhi ndiye aliyeendelea kupakia, shuka baada ya shuka, kwa sababu kila aliposimama kupumzika, lililofuata lilikuwa zito zaidi. "Mwanangu," alisema mmoja wao, na hakuna aliyeuliza ni nani aliyesema. Mpiga picha aliwaomba watazame huku. Gazeti liliandika kwamba wazee walitokwa na machozi ya umoja.

Walipovua aproni, uchungu uliwatoka ukamrudia Bi Sindano, maana zamu ilikuwa bado yake. Wiki hiyo Kamati ilikaa kuhusu malango. Mzee wa kanisa alisema sharti lile liangaliwe upya, wenzake wakiona inafaa. Fundi saa alisema kwa upande wake inafaa kabisa, wenzake wakitangulia. Mpima ardhi alisema sharti lifutwe leo hii. Hapo wenzake walitazamana, wakaona haraka hiyo si ya kawaida, wakajiuliza mtaa wake una nini unachokitaka, wakaomba muda wa kutafakari. Walikuwa watu wema na waliogopa, kila mmoja kwa ajili ya wajukuu wake. Waliagana kwa kukumbatiana. Malango yakapakwa rangi nyeupe, na kila mlinzi akapewa kiti kipya.

Jumapili iliyofuata, Bi Sindano alipofika kazini, alimkuta mumewe ameshafunga aproni.

"Nenda nyumbani ukapumzishe bega," alisema mzee.

"Unajua unachokishika?"

"Najua."

Bi Sindano alimwonyesha kipimo cha sabuni akaenda. Jumatatu, juu ya magunia, hakuwa na la kukabidhi, na ilimbidi aseme kwa nini.

Mama Povu aliweka kikombe chini polepole mno. "Nani kamruhusu?"

"Alikuja mwenyewe."

"Alikuwa na simu mkononi," alisema Mama Povu. "Mwanangu alikuwa bado ana pumzi, na yeye alikuwa na simu mkononi. Neno moja, Bi Sindano. Nilimzika mwanangu kwa kukosa neno moja. Sasa leo ndiyo anamtaka?"

Bi Sindano hakumtetea mumewe. Alisema mzee anarudi Jumapili, na kwamba wa kumtoa si yeye wala Bi Pasi, ni mwenye mtoto. Mama Povu akasema atamtoa.

Tatizo lilikuwa moja tu, nalo alilijua. Jumapili hangekuwa na uchungu wa kumtolea. Kwa hiyo wiki nzima alijifunza maneno kwa moyo, na Jumapili, kutoka kanisani hadi hospitali, na gauni lake la ibada na viatu vya kubana, aliyarudia njia nzima asije akayasahau: alikuwa na simu mkononi, alikuwa na simu mkononi. Ndani mwake palikuwa patulivu kabisa, na maneno yaligonga humo kama mbegu kwenye kibuyu kikavu.

Mzee alikuwa peke yake katika mvuke. Alikuwa ameshatoa mashuka kwenye kikaushio, na badala ya kuyatia kikapuni alikuwa amesimama katikati ya chumba na furushi zima mikononi, amelikumbatia kifuani, akiyumba kidogo kushoto na kulia. Machozi yalikuwa yakimtiririka hadi kidevuni na hakuwa na mkono wa kuyafutia. Mdomo wake ulikuwa umejikunja. Alikuwa anajaribu kupiga mluzi, na hakuujua.

Mama Povu alisimama mlangoni. Mzigo ule aliubeba siku sita kila wiki, lakini hakuwahi kuuona. Mtu huwezi kuona mgongo wako. Sasa aliuona wote, umemkunja mzee wa watu, na aliona jinsi ulivyokuwa mkubwa, na akajionea huruma kwa mara ya kwanza tangu alfajiri ile, na huruma ilipoanza haikujua ikomee wapi.

"Alikuwa na simu mkononi," alisema, kwa sababu alikuwa amejiandaa kusema.

"Ndiyo," alisema mzee. "Nilikuwa nayo. Ilikuwa hapa." Alionyesha kwa kidevu mkono wa kuume, uliokuwa chini ya furushi. "Sikujua ni mzito hivi. Ningesema ndiyo."

"Na leo wakikupigia?"

"Nitasema ndiyo kabla hawajamaliza kuuliza. Lakini mimi ni mmoja, mama. Lango linataka watatu."

Mashine ilizunguka. Mama Povu alitafuta neno lililofuata katika yale aliyojifunza, na hakulipata. Alikuwa amekuja kuivua aproni ile kwa mikono yake. Aliingia ndani, akamkaribia, akainua mkono.

"Unamshika vibaya, shemeji," alisema, na neno shemeji lilitoka bila kuitwa. "Kichwa kiegemee bega. Hapo. La sivyo hatalala."

Mzee alilihamisha furushi begani. Mama Povu alilisukuma kidogo, akalirekebisha, akarudi nyuma kutazama.

"Hivyo," alisema. "Na mluzi usilazimishe. Atapiga mwenyewe."

Alikaa kidogo juu ya gunia, akavua viatu vya kubana, akavivaa tena. Kisha akaaga, maana jua lilikuwa linateremka na alikuwa bado ana njia. Alifika langoni pamoja na wengine waliokuwa wakiharakia upande wao. Mlinzi alimfahamu tangu usiku ule na siku zote alimsalimia kwa sauti ya chini.

"Leo huna mzigo, mama?"

"Nimeuacha kwa mwenzangu mpaka kesho," alisema Mama Povu, akapita.

Mlinzi alisubiri wa mwisho apite. Akavuta lango jeupe, akatia kufuli, akakalia kiti chake kipya.